Mtoto Hangoji Ugonjwa Upite

Somo kwa wamama wenye mimba, kwa mabwana zao, na kwa wote wanaokaa nao nyumbani

Tarehe 23 Mwezi wa 3, mwaka 2020, mji wa Lubumbashi ulifungwa. Watu wawili waliotoka Kinshasa kwa ndege walidhaniwa kuwa na ugonjwa wa korona, na Gavana wa Haut-Katanga akaamuru watu wakae nyumbani mwao kwa muda wa saa 48. Mabisi yakalala. Njia za Makomeno, ambazo kwa desturi zina makelele tangu alfajiri, zikanyamaza.

Saa 48 si nyingi kwa mtu mwenye unga na makaa ndani ya nyumba. Lakini tumbo la mama halisomi tangazo la serikali. Katika mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, watoto wanaozaliwa kwa siku mbili ni mamia. Basi katika zile saa 48 wamama walishikwa na uchungu kama siku zote, wengine mchana, wengine usiku wa manane, na kila mmoja alihitaji mtu wa kumfikia kwa mikono yake, yaani mzalishaji.

Katika somo hili tutajifunza habari za wazalishaji wakati wa ugonjwa unaoenea: mambo waliyoyaona, makosa yaliyofanyika, na yale ambayo inafaa sisi wa nyumbani tuyajue mapema. Maana ugonjwa mwingine utakuja, na siku hiyo si siku ya kuanza kujifunza.

Mikono haiwezi kukaa mbali

Shirika la OMS, linaloangalia afya ya dunia nzima, lilikuwa limechagua mwaka 2020 uwe mwaka wa kuwaheshimu wauguzi na wazalishaji. Walichagua mwaka huo kwa sababu ilitimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale, yule mama Mwingereza aliyefundisha watu wengi kazi ya kuuguza. Kumbe heshima waliyoipata wazalishaji ilikuwa ya namna nyingine. Tarehe 10 Mwezi wa 3 mgonjwa wa kwanza wa korona alijulikana Kinshasa. Kesho yake OMS ilitangaza kwamba ugonjwa umeenea duniani. Baada ya wiki moja shule zilifungwa katika nchi yetu, na ibada kanisani zikasimamishwa. Tarehe 24 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya hatari, na Kinshasa ikatengwa na majimbo mengine.

Mnakumbuka yale maagizo. Nawa mikono kwa sabuni. Funika kinywa na pua. Kaa mbali na mwenzako, mita moja au zaidi. Maagizo haya ni mema, nayo yaliokoa watu. Lakini fikirini hili la tatu. Mzalishaji atakaaje mbali mita moja na mama anayezaa? Anapima tumbo kwa vidole vyake. Anasikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ndogo ya Pinard, sikio lake likiwa shibiri moja tu juu ya ngozi ya mama. Kichwa cha mtoto kinapotokea, uso wa mzalishaji uko karibu. Mama anapumua kwa nguvu, analia, anakohoa, anamshika mkono au hata shingo. Maji na damu vinaruka juu ya nguo. Kazi hii haifanyiki toka mlangoni.

Vidudu vya korona husafiri zaidi katika pumzi ya mtu, na mtu aweza kuwa navyo bila kuumwa kitu. Kwa hiyo kila mama aliyeingia katika nyumba ya kuzalisha aliweza kuwa navyo, na kila mzalishaji vilevile. Wazalishaji walijua hivyo. Wengi wao walikuwa na maski moja iliyopasa kubadilishwa, lakini hapakuwa na nyingine. Waliifua jioni, wakaivaa tena asubuhi. Glavu zilipanda bei. Mahali pengine mama aliombwa kuja na glavu zake mwenyewe, pamoja na sabuni na dawa ya kuua vidudu, hali bwana yake hakupata kazi ya kutwa tangu mji uliposimama.

Halafu mzalishaji alirudi nyumbani. Hapa ndipo wengi wao husema palikuwa pagumu kupita kazini. Alivua viatu na nguo nje ya mlango, akaoga, ndipo akawasalimu watoto wake. Wako waliolala chumba cha peke yao kwa miezi. Wako waliowapeleka watoto kwa bibi yao, wakawasikia kwa simu tu. Na jirani, yule yule aliyemwita mbio usiku mwaka uliopita, sasa alivuka njia akimwona anapita, akisema, "Huyu atatuletea ugonjwa wa hospitali." Nauliza, jirani huyo angezalishwa na nani?

Uso uliofunikwa

Mama anayezaa husoma uso wa mzalishaji. Uso ukitulia, naye anatulia. Wakati wa korona uso ule ulifunikwa. Yalibaki macho tu. Wamama wengine waliogopa, hasa wasichana wa mimba ya kwanza. Wazalishaji wenye hekima walijifunza kuanza na sauti kabla ya kugusa. Walisema jina lao. Walisema, "Mama, mimi ni yule aliyekupima siku ile, usihangaike." Walieleza kila jambo kabla ya kulitenda, kwa maneno machache na kwa upole. Mambo haya yalikuwa mema hata bila korona, na ni aibu kidogo kwamba ugonjwa ndio uliotukumbusha.

Jambo la kuumiza zaidi lilikuwa la msindikizaji. Kwetu mwanamke haendi kuzaa peke yake. Anakwenda na mama yake, au shangazi, au mama mkwe, na huyo amebeba beseni, vitenge, termosi ya maji ya moto na chakula. Msindikizaji si mgeni tu. Yeye ndiye anayempa maji, anayemsugua mgongo, anayemwita mzalishaji damu ikizidi. Katika nyumba nyingi za kuzalisha, hapa kwetu na katika nchi nyingine, wasindikizaji walizuiliwa langoni. Mzalishaji mmoja akabaki na wamama wanne, watano, awe mzalishaji na mama mzazi na mpishi kwa saa moja.

Nasema wazi: ilikuwa kosa, ijapokuwa walioamuru hivyo walitaka kuzuia ugonjwa. OMS ilifundisha tangu mwanzo kwamba kila mwanamke anayezaa, hata akiwa na korona, awe na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Mtu mmoja tu, asiye na homa wala kikohozi, aliyenawa na kufunika pua, asiyetoka na kuingia. Mlango wa namna hiyo hauwezi kupitisha ukoo wote, lakini mtu mmoja unampitisha.

Waliotangulia kupita katika moto

Nchi hii ilijua mambo haya kabla ya korona. Wazee wetu waliona mafua makuu ya mwaka 1918. Reli ilikuwa imefika mjini hapa mwaka 1910, wakati mji ulipoitwa Elisabethville, na mwisho wa 1918 ugonjwa ule ulipanda pamoja na watu na mizigo toka kusini. Duniani kote wanawake wenye mimba walikuwa miongoni mwa wale waliokufa zaidi. Ni baadaye, tangu miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ilipotaka wafanyakazi wake wakae na wake zao, ndipo nyumba za kuzalisha zilipoanza kuongezeka katika kambi.

Lakini mfano ulio karibu zaidi ni wa ndugu zetu wa kaskazini, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, zaidi ya kilometa 1,000 toka hapa. Tarehe 1 Mwezi wa 8, 2018, serikali ilitangaza kwamba Ebola imetokea Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ule ulikaa karibu miaka miwili, ukaisha tarehe 25 Mwezi wa 6, 2020, wakati korona ilipokuwa imekwisha kuingia. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Kati ya waliougua, zaidi ya 160 walikuwa watu wa kazi ya afya.

Fikirini sasa mzalishaji wa Beni au Butembo. Mama analetwa usiku, ana homa, anatoka damu, mimba imeharibika. Je, ni Ebola, au ni mimba iliyoharibika tu kama zinavyoharibika kila siku? Dalili zinafanana. Akimgusa bila mavazi ya kujikinga, na ikiwa ni Ebola, kesho kutwa ataugua yeye, na wamama wengine wote aliowazalisha wiki ile wako katika hatari. Akingoja jibu la kipimo cha damu, na ikiwa si Ebola, mama aweza kufa kwa kumwaga damu huku anangojea. Mzalishaji hakuwa na njia ya tatu. Alivaa mavazi mazito yanayofunika mwili wote, yenye joto kama tanuru, na ndani ya mavazi yale alijaribu kutafuta mshipa kwa glavu mbili.

Tena palikuwa na jambo watu wengi hawakulijua. Mwanamke aliyeugua Ebola akiwa na mimba, akapona, damu yake ikawa safi, aweza bado kuwa na vidudu katika maji ya uzazi na katika kondo la nyuma. Ndiyo maana aliyepona pia alizalishwa kwa kujikinga kabisa. Wengine waliona ni dharau kwake. Haikuwa dharau.

Na chanjo? Mwanzoni wanawake wenye mimba na wenye kunyonyesha hawakupewa chanjo ya Ebola, kwa kuwa haikujulikana kama ingemdhuru mtoto. Kulikuwa na sababu, lakini mama aliyeuguza bwana wake nyumbani aliachwa bila ngao, naye alijua hivyo. Mwaka 2019 ruhusa ilitolewa nao wachanjwe.

Nitasimulia jambo moja jema la siku zile. Watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa au wamekufa walihitaji kubebwa, lakini nani angewabeba bila kuogopa? Waliitwa wanawake waliopona Ebola wenyewe, ambao mwili wao ulikuwa umejifunza kuushinda ugonjwa. Beni na Butembo walikaa na watoto wale mchana na usiku, wakawapa maziwa ya chupa, wakawaimbia. Kwa Kifaransa waliitwa kwa jina lenye maana ya wabembelezaji. Baadhi yao walikuwa wamefiwa na watoto wao katika ugonjwa uo huo.

Hatari iliyokuwa kubwa kuliko ugonjwa

Sasa sikilizeni hesabu hii. Katika miaka yote ya korona, waliohesabiwa kuwa wamekufa kwa korona katika Kongo yetu hawakufika 1,500. Wako wengine ambao hawakuhesabiwa, hatukatai. Lakini katika mwaka mmoja, ule wa 2020, OMS ilikadiria kwamba wanawake kama 22,000 walikufa katika nchi hii kwa sababu ya mimba na kuzaa. Ni 547 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima. Walikufa kwa damu nyingi baada ya kuzaa, kwa kifafa cha mimba, kwa vidudu vilivyoingia tumboni, kwa mtoto aliyekwama. Magonjwa haya hayakuanza 2020. Dawa zake zinajulikana. Yule anayeokoka ni yule aliyefika mapema kwa mtu anayejua.

Kwa hiyo mama aliyeogopa korona akakaa nyumbani kuzaa alikimbia paka akaingia kwa chui.

Wengi walifanya hivyo. Walisema, "Nikienda kipimo watanipa korona." Wengine walisema, "Nina homa. Wakinipima watasema ni korona, watanifungia." Lakini homa ya mwenye mimba hapa Katanga mara nyingi ni malaria, na malaria katika mimba hula damu ya mama na kumdhoofisha mtoto tumboni. Kuificha homa ile ni kuipa nafasi. Tena kuanzia tarehe 18 Mwezi wa 12, 2020, ilikatazwa katika nchi yote kutembea toka saa 3 ya usiku mpaka saa 11 ya alfajiri. Uchungu ukianza saa 4 ya usiku, utasubiri saa saba bila mtu?

Haikuwa Kongo peke yake. Katika nchi ya Nepal, mbali huko Asia, waganga walihesabu kazi ya hospitali 9 kabla ya nchi kufungwa na baada yake. Wamama waliokuja kuzaa hospitali walipungua karibu nusu. Watoto waliozaliwa wamekufa waliongezeka, toka 14 kwa elfu mpaka 21. Na watoto waliokufa kabla ya kutoka hospitali waliongezeka kutoka 13 kwa elfu mpaka 40. Jambo mojawapo lililokuwa bora kuliko zamani ni hili: watu wa kazi walinawa mikono zaidi.

Uganda ilizuia magari yote mwisho wa Mwezi wa 3, 2020, hata ya watu binafsi, na mgonjwa alipaswa kuomba ruhusa kwa mkubwa wa wilaya kabla ya kupanda gari. Wanawake wenye uchungu walitembea kwa miguu, na wako waliokufa njiani. Mwezi uliofuata Rais Museveni akasema wenye mimba waende bila kuomba ruhusa. Kenya nako watu walikatazwa kutoka usiku. Mganga mmoja kijana wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, jina lake Jemimah Kariuki, aliona kitu cha ajabu: wamama wanaokuja walipungua, lakini waliofika wamechelewa na wako hatarini waliongezeka. Hakungoja mkutano. Aliandika maneno machache akiomba watu wenye magari wasaidie, na kutoka hapo ikazaliwa kazi iliyoitwa Wheels for Life: mama alipiga simu bila kulipa, mganga akamsikiliza, na ikiwa hatari ilikuwa ya kweli gari lilitumwa usiku kumchukua.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, tunasoma juu ya Shifra na Pua, wazalishaji walioamriwa na mfalme jambo baya wakakataa kulifanya. Watu wengi hukumbuka ujasiri wao mbele ya mfalme. Mimi hufikiri pia jambo dogo zaidi, kwamba siku zile za hofu waliendelea kwenda walikoitwa.

Maziwa, na habari nyingine ambazo watu hukosea

Wakati wa korona mahali pengine mtoto alitengwa na mama yake mara alipozaliwa, akapewa maziwa ya bati. Watu walifikiri wanamwokoa. Baada ya kuchunguza, ilionekana kwamba korona haipiti katika maziwa ya mama, na mtoto asiyenyonya na asiyelala kifuani kwa mama hupata hatari nyingi: baridi, kuhara, vidudu vingine. Kwa hiyo mama mwenye korona anyonyeshe. Anawe mikono, afunike pua na kinywa anapomshika mtoto, basi. Wala si lazima apasuliwe tumbo kwa sababu ya korona tu. Lakini mwenye mimba aliyeshikwa na korona huugua vibaya kuliko wenzake wasio na mimba, na mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo sababu waganga walishauri achanjwe.

Kuhusu chanjo, mnakumbuka yaliyotupata. Tarehe 2 Mwezi wa 3, 2021, zilifika Kinshasa dozi milioni 1 na elfu 700. Zilianza kutumika tarehe 19 ya mwezi uliofuata. Watu walikuwa wamesikia maneno mengi kwenye simu zao, wakakaa nyumbani, mpaka dozi kama milioni 1 na elfu 300 zikapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Wazalishaji wengine nao waliogopa. Si vizuri kuwacheka, maana hakuna aliyekaa nao kujibu maulizo yao kabla ya kuwapa sindano.

Angalieni, lakini: neno juu ya maziwa ya mama mwenye korona si neno la magonjwa yote. Ebola hupita katika maziwa. Mama mwenye Ebola, hata anapopona, haruhusiwi kunyonyesha mpaka maziwa yapimwe. Na ule ugonjwa wa vipele uitwao mpox, ambao namna yake mpya ilijulikana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023, hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Huko wako wanawake waliopoteza mimba kwa ajili yake. Basi ukisikia ugonjwa mpya, usichukue dawa wala amri ya ule wa jana. Uliza mzalishaji: huu wa leo unapitia wapi?

Nyumbani kwako

Tuseme uko Makomeno, mimba yako ina miezi minane, na kumetangazwa ugonjwa. Utafanya nini?

Usiache kipimo. Uliza kwanza saa gani watu ni wachache, ufike kwa saa hiyo. Nenda na mtu mmoja. Ukiwa na homa au kikohozi, sema mlangoni kabla ya kuketi kati ya wamama wengine. Usifiche, mzalishaji akijua atajikinga na kukutunza, asipojua ataugua na wewe utabaki bila mtu. Kama kuna vipele, mwonyeshe.

Bwana, sikia nawe. Kazi yako haianzi siku ya kutafuta jina la mtoto. Weka pesa kidogo kando tangu mwezi wa tano wa mimba, maana wako wamama waliozaa salama wakazuiliwa kutoka kwa kukosa malipo. Ujue mwenye gari au pikipiki katika njia yenu, upatane naye mchana, uandike namba yake ukutani, wala si katika simu peke yake, maana simu huzimika moto wa umeme unapokatika. Ujue njia ya Hospitali Sendwe au ya nyumba ya kuzalisha iliyo karibu nawe kwa usiku. Jadilianeni ni nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto.

Mama mkwe, nakuheshimu, na wewe umezaa kabla yetu. Lakini ukiona mojawapo ya mambo haya usimzuie kwa kusema ngoja kwanza: damu inayotoka kabla ya uchungu, au inayolowesha kitambaa kimoja baada ya kingine baada ya kuzaa; kichwa kinachouma sana na macho kuona giza; uso na mikono kuvimba; kifafa; homa; maji yaliyovunjika na uchungu hauji; mtoto aliyeacha kucheza tumboni; uchungu uliopita kutwa nzima bila mtoto kutoka. Wala usimpe dawa za miti za kuharakisha uchungu. Kizazi kinaweza kupasuka, na hapo hata mganga mkubwa ana dakika chache tu.

Na ikiwa mtoto ametangulia, amezaliwa nyumbani au njiani kwa sababu njia zimefungwa? Mpanguse akauke, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili na kitenge kikavu. Anyonye upesi, kunyonya husaidia kizazi kukaza na damu kupungua. Usivute kitovu kwa nguvu kutoa kondo la nyuma. Usipake kitovu udongo, majivu wala kinyesi cha mnyama. Kisha wapelekwe wote wawili, hata kama wanaonekana wazima, hata kama kumepambazuka na hofu imepungua. Mama wengi wanaokufa kwa damu hufa katika saa 24 za kwanza, wakati wageni wameanza kushangilia.

Wamama wa kanisa ambao kwa desturi hupeleka uji na kuni kwa wazazi wapya, msiache kwa sababu mlango umefungwa. Ulizeni langoni chakula kipokelewe wapi. Pelekeni na sabuni. Na mkipika kwa ajili ya mzazi, pikeni na sahani moja ya mzalishaji wa zamu. Mara nyingi hajala tangu asubuhi.

Maulizo ya kujibu nyumbani

1. Kwa nini agizo la kukaa mbali mita moja haliwezi kushikwa na mzalishaji? Basi ni nini kitakachomkinga?

2. Mama mwenye korona na mama mwenye Ebola, ni yupi anayenyonyesha, na kwa sababu gani?

3. Jirani yako ana mimba ya miezi saba na homa ya siku mbili. Anaogopa kwenda hospitali. Utamwambia nini?

4. Usiku wa leo uchungu ukianza nyumbani mwako, ni nani atakayeendesha, ni nani atakayesindikiza, na namba zao zimeandikwa wapi?